Nusu ya Saa ya Tatu: Jinsi Kompyuta Inavyosoma Wakati wa Kirusi

Mgeni kutoka Urusi aliiandikia kampuni moja ya kutembeza watalii Unguja ujumbe mfupi: gari limfuate hotelini mchana, "v polovine tretyego". Programu ya kusoma jumbe za namna hiyo na kuzipanga kwenye ratiba ya madereva nilikuwa nimeiandika mimi. Iliona neno lenye maana ya nusu, ikaona neno lenye maana ya tatu, ikaandika 15:30, yaani saa tisa na nusu alasiri. Dereva alifika saa tisa na nusu kamili. Mgeni alikuwa amesimama mlangoni na mizigo yake tangu saa nane na nusu.

Kosa halikuwa la dereva wala la mgeni. Maneno yale mawili yanasema hivi: saa ya tatu imefika nusu. Kwa Mrusi, saa ya kwanza ya mchana ni zile dakika 60 zinazoanza adhuhuri, saa ya pili inaanza kwenye saa saba yetu, na ya tatu inaanza kwenye saa nane yetu. Nusu ya saa ya tatu, basi, ni 14:30. Robo ya saa ya tatu, "chetvert tretyego", ni 14:15. Dakika kumi za saa ya tatu, "desyat minut tretyego", ni 14:10. Saa ikishavuka nusu, hesabu inageuka na kuanza kutaja kilichobaki: "bez chetverti tri", bila robo, tatu, ndiyo 14:45. Hapo Mswahili hahitaji kufundishwa, kwa sababu kasorobo yetu imejengwa vivyo hivyo.

Tazama sasa maneno "tretyego" na "tri". Yote mawili yana tatu ndani yake, na yote mawili yanataja saa inayokuja. La kwanza ni "ya tatu", tena katika umbo la umilikaji. La pili ni "tatu" tupu. La kwanza linaambatana na kilichokwisha kupita ndani ya saa hiyo, la pili na kilichopungua kuifikia. Programu yangu ilikuwa imekata mikia ya maneno ili kurahisisha kazi, ikabaki na tatu peke yake. Ilitupa sehemu iliyobeba saa.

Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike kuhusu Kirusi na wakati. Kiswahili huweka mzigo mkubwa wa sarufi kichwani mwa neno: mwaka, miaka, wa mwaka, ya miaka. Kirusi huuweka mkiani. Anayeandika programu akiamini kwamba tarehe ni orodha ya majina kumi na mawili ya miezi, majina saba ya siku na tarakimu kadhaa, atasoma nusu ya maandishi sawasawa, na nusu nyingine ataikosea bila kujua kwamba amekosea.

Chukua mwezi wa Mei. Mrusi haandiki "5 Mei". Anaandika "ya tano ya Mei". Jina la mwezi ndani ya tarehe huwa katika umbo la umilikaji: yanvar huwa yanvarya, mart huwa marta, avgust huwa avgusta. Ndiyo maana CLDR, ile hazina ya Unicode ya data za lugha inayotegemewa na simu na kompyuta nyingi duniani, ina orodha mbili za miezi ya Kirusi: moja ya mwezi uliosimama peke yake, kama juu ya ukurasa wa kalenda, na nyingine ya mwezi ulio ndani ya tarehe. Programu isiyojua tofauti hiyo humwandikia Mrusi kitu kinachomkera sikio kama "watu mzuri" linavyotukera sisi.

Wengi wanaosoma tarehe hukwepa taabu hiyo kwa kuangalia herufi tatu za mwanzo tu. Ukiijaribu njia hiyo utaona inafanya kazi vizuri ajabu. Miezi kumi na mmoja kati ya kumi na miwili haibadilishi herufi zake tatu za kwanza hata ikibadilika mkia. Hata Juni na Julai, июнь na июль, zinazotofautiana kwa herufi moja pekee, zinajitenga kwenye herufi ya tatu. Mei tu ndiyo inayokataa. Jina lenyewe lina herufi tatu, kwa hiyo mkia wake umo ndani ya zile tatu: май likiwa peke yake, мая katika tarehe, мае ukisema "mwezi wa Mei" kwa maana ya ndani yake. Programu inapita majaribio ya Januari, Februari, Machi na Aprili, kisha inaanguka Mei, mwezi ambao Warusi wana sikukuu mbili kubwa, tarehe 1 na tarehe 9. Na ukiamua kupunguza herufi ziwe mbili ili kuiokoa Mei, unaigonganisha na Machi.

Herufi tatu zina hatari nyingine. "Мар" ya Machi inaanzisha pia jina Marina na neno marshrut, ambalo ni njia ya safari, na katika barua za watalii neno hilo halikosekani. "Мая" inaanzisha mayak, mnara wa taa ya kuongozea meli. Kinga ni kudai tarakimu kabla ya mwezi, lakini Mrusi anaweza kuandika nambari kwa maneno pia, na hapo kinga yenyewe inatoboka.

Siku za juma zinafundisha somo hilohilo. Warusi huhesabu kuanzia Jumatatu, hivyo "vtornik", siku ya pili, ni Jumanne, "chetverg", ya nne, ni Alhamisi, na "pyatnitsa", ya tano, ni Ijumaa. Sisi wenye Jumatano iliyohesabiwa kuanzia Jumamosi, na Alhamisi ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, hatuna haki ya kushangaa. Katikati yao ipo Jumatano, "sreda", maana yake ya kati. Neno hilohilo lina maana ya mazingira, kwa hiyo makala kuhusu mazingira na maji inaweza kujaza kalenda yako Jumatano zisizokuwapo.

Shida kubwa zaidi ya "sreda" imo kwenye mikia. "Po sredam" ni kila Jumatano. "Po sredu" ni mpaka Jumatano, na Jumatano yenyewe imo ndani. "Do sredy" nayo ni hadi Jumatano, ila humo mtu anaweza kuwa ameiacha siku hiyo nje. Sasa fikiria uchanganuzi unaofundishwa katika vitabu vingi: kwanza rudisha kila neno kwenye umbo lake la kamusi, kisha tafuta maana. Maneno yote matatu yanarudi "sreda". Darasa la kila wiki na likizo inayoisha Jumatano vimekuwa kitu kimoja. Umbo la kamusi linafaa kwa kutafuta habari gazetini. Kwa kusoma wakati, lazima litembee pamoja na mkia wake, na programu iandike vyote viwili kabla haijaamua chochote.

Nambari nazo zina tabia yake. Mwaka mmoja ni "god", miwili hadi minne ni "goda", mitano ni "let", lakini 21 inarudi "god" kwa sababu inaishia na moja, huku 11 ikibaki "let". Kusoma maumbo hayo ni rahisi. Kuyaandika sawasawa ndiko kunakowashinda watengenezaji wengi wa programu.

Mpangilio wa maneno nao unabeba maana, na hapa ndipo Kirusi kinaponivutia kuliko mahali pengine. "V tri chasa" ni saa tisa kamili, mchana au usiku. Geuza, sema "chasa v tri", na sasa ni mnamo saa tisa, huenda kabla kidogo, huenda baadaye. Maneno ni yaleyale matatu, hakuna lililoongezwa wala kupunguzwa. Programu inayomwaga maneno kwenye kikapu bila kujali lipi limetangulia itamwekea mtu miadi ya dakika kamili pale aliposema takriban.

Kisha kuna "na dnyakh", siku hizi chache, ambazo zinaweza kuwa zimepita au zinakuja. Kitenzi ndicho kinachoamua. Kuna "cherez den", ambalo mara moja ni "baada ya siku moja" na mara nyingine ni "leo ndiyo, kesho hapana, kesho kutwa ndiyo". Maana ya pili ndiyo ya kwenye maelezo ya dawa, na kosa lake si la kuchelewesha gari. Kuna "dekada", ambayo kwa Mrusi kwa kawaida ni siku kumi, ingawa Kiingereza kina neno la asili hiyohiyo lenye maana ya miaka kumi. Na kuna lile "tretyego" letu, la tatu. Likifuatwa na Mei ni tarehe 3 Mei. Likitanguliwa na nusu ni saa nane na nusu. Likifuatwa na "dnya", siku, ni juzi.

Si kila kitu kinamgomea Mswahili. Mrusi akisema "v noch na pyatoye maya", mfasiri wa Kiingereza huhangaika kueleza ni usiku wa tarehe gani. Sisi tunao msemo wake tayari: usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei. Mrusi pia huitaja saa pamoja na kipindi chake, kama tunavyosema saa tisa usiku na saa kumi alfajiri: "tri chasa nochi" ni saa tatu za usiku, ndiyo tisa usiku yetu, na "chetyre utra" ni nne za asubuhi, ndiyo kumi alfajiri. Mtu aliyelelewa katika Kiswahili anajua tangu utotoni kwamba saa iliyoandikwa na saa inayosemwa ni vitu viwili, na ujuzi huo ni mtaji katika kazi hii.

Kabla ya sarufi yote hiyo, herufi zenyewe lazima ziwe sawa. Herufi ya mwisho ya май inaweza kuhifadhiwa kwa namna mbili: kama herufi moja й, au kama и iliyovikwa alama juu yake. Kwenye skrini huoni tofauti. Kompyuta inaiona, na inasema maneno hayo mawili hayafanani. Dawa ni kusawazisha maandishi kwa kanuni za Unicode kabla ya kitu kingine chochote, na pia kukubali herufi ё ikiandikwa е, kwa kuwa Warusi wengi huandika hivyo, likiwemo neno lenye maana ya "ya nne".

Ukishaisoma tarehe, bado hujaipata siku. Urusi ina kanda 11 za saa, na vifupisho kama MSK+7 humaanisha saa saba mbele ya Moscow, ambayo ni saa ya Vladivostok. Hadi tarehe 1 Agosti 2018 tiketi za treni nchi nzima ziliandikwa kwa saa ya Moscow, hata kwa abiria aliye ukingoni mwa Pasifiki. Tangu siku hiyo zinaandikwa kwa saa ya mahali husika. Moscow yenyewe ilihama: kuanzia Machi 2011 ilikuwa saa moja mbele ya Dar es Salaam na Nairobi mwaka mzima, na tangu tarehe 26 Oktoba 2014 saa yao na yetu ni moja. Ujumbe wa mwaka 2012 ukisomwa kwa kanuni za leo unakosea saa nzima.

Kwa nyaraka za zamani, pengo ni la siku. Urusi ilitumia kalenda ya Juliasi hadi tarehe 31 Januari 1918. Kesho yake ilikuwa tarehe 14 Februari. Tarehe 5 Februari 1918 haikuwahi kutokea katika kalenda ya serikali ya Urusi, lakini programu nyingi zitaipokea bila swali. Tolstoy alizaliwa tarehe 28 Agosti 1828 kwa kalenda ya kwao, tarehe 9 Septemba kwa ya leo. Ukiona "ст. ст." pembeni ya tarehe, maana yake ni mtindo wa zamani, na herufi hizo nne, kwa tarehe za karne ya 19 na ya 20, zina thamani ya siku 12 au 13.

Zana zipo. Duckling, iliyotolewa na Facebook, ina kanuni za Kirusi, na dateparser ya Python inazisoma tarehe nyingi za kawaida. Zitumie, lakini usiziamini kabla hujazipa majaribio yako mwenyewe. Mimi sasa huanza na sentensi kumi na mbili, na ya kwanza kati yake ni ile ya mgeni wa Unguja. Ya mwisho ni "v desyat tretyego", ambayo inaweza kuwa dakika kumi za saa ya tatu au saa nne ya tarehe tatu, na hakuna mkia wala mpangilio utakaoitenganisha. Hapo programu yangu hairuhusiwi kuchagua. Inamrudishia aliyeandika swali, kwa Kirusi, na kungoja jibu. Ninawaomba wenzangu wanaoandika programu za kusoma wakati, za Kirusi au za Kiswahili chetu, waziachie nafasi hiyo ya kuuliza.