Waliokataa Kuwaacha Wenzao Wawili

Kila muhula wa michezo unapowadia, shule za Subukia, sawa na shule nyingine za Bonde la Ufa, huingiwa na homa ya vikombe. Majina ya wachezaji hubandikwa ubaoni, uwanja hujaa kila jioni, na mwalimu wa michezo hutafutwa na watu wengi kuliko mwalimu mkuu. Hilo si jambo baya. Kijana asiyejua kucheza na wenzake atashindwa pia kufanya kazi nao atakapokuwa mtu mzima. Hata hivyo, katika shamrashamra hizo lipo swali ambalo sisi walimu huwaepusha nalo wanafunzi wetu, nasi wenyewe hatupendi kujiuliza: Je, kuna kikombe ambacho timu inapaswa kukikataa?

Swali hili limenijia kwa sababu ya msimu mmoja wa timu ya chuo uliochezwa mbali sana na hapa, katika jimbo la California nchini Marekani, mwaka wa 1951. Naamini kisa hicho kinatuhusu sisi wa Nakuru kuliko kinavyowahusu wengi wanaokisimulia huko kwao.

Kandanda ya Wamarekani, kwa faida ya msomaji asiyeijua, si hii yetu ya mpira wa duara. Ni mchezo wenye udugu na raga: watu kumi na mmoja kila upande, mpira wa umbo la yai, na kazi kubwa ni kuubeba mpira huo hadi mwisho wa uwanja huku wapinzani wakijaribu kukuangusha. Vyuo vikuu vyao huucheza kwa ari kubwa. Katika enzi hizo hapakuwa na fainali ya kumpata bingwa wa nchi. Timu zilizofanya vyema zilingojea kualikwa katika mechi za Mwaka Mpya ziitwazo Bowl, ambazo nyingi zilifanyika katika majimbo ya kusini. Mwaliko huo ulileta sifa, na ulileta fedha nyingi kwa chuo kilichoalikwa.

Chuo Kikuu cha San Francisco kilikuwa chuo kidogo cha mapadri Wajesuiti. Timu yake, iliyoitwa Dons, ilifunzwa na Joe Kuharich. Mwaka huo ilicheza mechi tisa na kushinda zote tisa. Iliicharaza San Jose State 39-2, kisha ikarudiana nayo na kuishinda 42-7. Ilisafiri hadi New York na kuilaza Fordham 32-26. Mwezi wa Novemba iliinyuka timu ya College of the Pacific 47-14, na ikafunga msimu kwa kuibwaga Loyola 20-2. Hapakuwa na sare wala kushindwa.

Katika kikosi hicho walikuwamo vijana wawili weusi. Ollie Matson alikuwa mkimbiaji hodari, na mwaka huo aliongoza vyuo vyote vya Marekani kwa kukimbia na mpira jumla ya yadi 1,566. Burl Toler alikuwa mlinzi ambaye wenzake walimhesabu miongoni mwa wachezaji bora kabisa wa timu. Wengine takriban wote walikuwa Wazungu, wengi wao wana wa wafanyakazi wa kawaida.

Msimu ulipokwisha, timu ilingojea mwaliko. Wachezaji waliosimulia baadaye wanasema kwamba habari iliyowafikia ilikuwa fupi: mwaliko ungepatikana iwapo Matson na Toler wangeachwa nyumbani. Wakaambiwa waamue. Wakakataa, na kwa maelezo yao wenyewe, jambo hilo halikuhitaji mjadala mrefu. Kama wawili hao hawatakiwi, basi hatwendi sote. Mwaliko haukuja.

Wapo wanaosema kwamba waandalizi wa mechi hizo waliidharau timu kwa kuwa wapinzani wake walikuwa hafifu. Hoja hiyo haikosi uzito, maana ni kweli kwamba Dons hawakukutana na vigogo wengi. Lakini timu ya Pacific, ile ile iliyokuwa imefungwa 47-14, ilialikwa katika Sun Bowl huko Texas. Yaani aliyeshindwa alikwenda karamuni, naye aliyemshinda akabaki nyumbani. Msomaji na apime mwenyewe.

Ili tuelewe uzito wa uamuzi ule, yafaa tukumbuke hali ya mwaka huo. Tarehe 20 Oktoba 1951 timu ya Chuo Kikuu cha Drake ilicheza na Oklahoma A&M katika mji wa Stillwater. Nyota wa Drake, kijana mweusi kwa jina Johnny Bright, alipigwa usoni kwa makusudi akiwa mbali na mpira, akavunjwa taya. Wapiga picha wa gazeti la Des Moines Register walilinasa tukio hilo, na picha zao zikapata tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1952. Chuo kilichokuwa mwenyeji siku ile kiliomba radhi mwaka wa 2005, miaka 54 baadaye, wakati Bright alikuwa ameshalala kaburini kwa miaka zaidi ya ishirini. Hiyo ndiyo iliyokuwa hewa ya wakati huo. Kwa miaka mingi vyuo vya kaskazini vilikuwa na mapatano ya kimyakimya na vile vya kusini: mkija kwetu, waacheni weusi wenu. Wengi walitii, wakaita utii huo adabu ya mgeni. Wachache walikataa, kama Penn State walivyofanya mwaka wa 1946 walipoifuta safari ya kwenda kucheza na Miami badala ya kuwaacha wenzao wawili.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka huo wa 1951, bonde hili letu la Subukia lilikuwa sehemu ya zile nyanda zilizotengewa walowezi wa Kizungu. Mwafrika aliishi hapa kama kibarua au skwota, na ruhusa yake ya kuishi ilitegemea kazi aliyomfanyia mwenye shamba. Chuo cha kilimo cha Njoro, kilichoanzishwa mwaka wa 1939 na Lord Egerton, kilikuwa cha vijana wa Kizungu peke yao. Ni mwishoni mwa miaka ya hamsini na baada ya hapo ndipo milango yake ilipofunguliwa kwa watu wa rangi zote. Naam, mwaka ule ule vijana wa San Francisco walipokuwa wakiulizwa kama wangekubali kuwaacha wenzao wawili, hapa Nakuru swali kama hilo halingeweza hata kuulizwa. Kijana wa Kiafrika hakuwa kwenye orodha ili aweze kuondolewa.

Tulipata uhuru mwaka wa 1963, na mistari ya rangi ikafutwa katika shule na vyuo. Lakini tukachora mistari mingine. Mwaka wa 1992, kisha 1998, na tena mwanzoni mwa 2008, watu wa mkoa huu walifukuzana na kuuana kwa sababu ya kabila. Mtoto aliyekaa dawati moja na mwenzake tangu darasa la kwanza aliambiwa kwamba mwenzake huyo ni mgeni.

Nilikuwa nikifundisha wakati huo katika shule moja ya upili ya eneo hili. Muhula mmoja baada ya ghasia za 2008, timu yetu ya kandanda ilialikwa kwa mechi ya kirafiki na shule nyingine isiyo mbali. Siku mbili kabla ya safari, ujumbe ukaletwa kwa upole mwingi. Tungekaribishwa kwa moyo mkunjufu, ila ingekuwa vyema wachezaji wetu watatu, waliotajwa kwa majina yaliyoonyesha kabila lao, wabaki shuleni kwa ajili ya usalama wao.

Katika chumba cha walimu tulijadiliana kwa muda. Wapo waliosema kwamba ombi lile lilikuwa la busara, na sikuwaona kuwa watu wabaya. Moshi ulikuwa bado haujatoka katika pua za watu. Ndipo mwalimu aliyekuwa na timu akauliza swali moja tu: "Nani kati yetu atawaendea wale watatu na kuwaeleza?" Hapakuwa na aliyejitolea. Basi hatukwenda. Baadhi ya wanafunzi walinung'unika kwa wiki nzima, maana walikuwa wamejiandaa na walikuwa na hakika ya kushinda. Wale watatu hawakusema neno. Mmoja wao alianza tena kuchelewa kutoka uwanjani jioni, kama alivyokuwa akifanya kabla ya Desemba.

Nimelitafakari tukio hilo mara nyingi, na kila ninapolilinganisha na kisa cha San Francisco naona mambo mawili.

La kwanza ni kwamba ubaguzi mara chache huja ukiwa umevaa ngozi ya fisi. Huja kwa jina la desturi, la ratiba au la usalama, wala haudai kwamba umchukie mwenzako. Hudai tu kwamba, kwa leo, umwache nyuma ili mambo yaende. Mtu mwema huweza kuukubali bila kuhisi kwamba ametenda uovu. Kwa hiyo mwalimu anayewafunza wanafunzi wake kuukemea ubaguzi wa matusi na mawe peke yake amewafunza nusu ya somo.

La pili ni zito zaidi. Katika jambo la namna hii, mzigo wa kukataa haumwangukii aliyebaguliwa. Unamwangukia aliyealikwa. Matson na Toler hawakuwa na la kukataa, kwa kuwa wao hawakupewa kitu. Wenye mwaliko mkononi ni wale wengine, na wao ndio waliokuwa na cha kupoteza. Aidha, walipoteza kwelikweli. Chuo kilikuwa katika hasara ya fedha, na mapato ya Bowl yangekisaidia. Baada ya msimu ule wa ushindi mtupu, chuo kiliivunja timu. Tusiwadanganye wanafunzi kwamba haki hulipa papo kwa papo. Mara nyingine hulipisha. Anayewaambia vijana kwamba wakitenda mema watapewa kikombe siku ya pili anawaandaa kuyaacha mema siku kikombe kitakapokosekana.

Hata hivyo, maisha ya vijana wale hayakuishia pale. Wachezaji watatu wa kikosi kile, yaani Matson, Gino Marchetti na Bob St. Clair, waliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa kandanda ya malipo, jambo lisilo la kawaida kwa timu moja ya chuo. Matson alikwenda pia Helsinki katika Michezo ya Olimpiki ya 1952, akapata nishani ya shaba katika mbio za mita 400 na ya fedha katika mbio za kupokezana vijiti. Mwaka wa 2006 chuo kiliwaita wachezaji waliokuwa hai, wazee wenye mvi, na kuwatunukia shahada za heshima.

Anayenigusa zaidi, kwa kuwa mimi ni mwalimu, ni Burl Toler. Aliumia goti mwaka wa 1952 katika mechi ya vijana bora wa vyuo, na ndoto yake ya kucheza kwa malipo ikafa kabla ya kuanza. Akashika chaki. Alifundisha katika shule za San Francisco, hatimaye akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa mwalimu mkuu wa shule ya upili mjini humo. Mwaka wa 1965 akawa mweusi wa kwanza kuwa mwamuzi katika ligi ya malipo ya NFL, na mwaka wa 1980 akawa mweusi wa kwanza kuwa miongoni mwa waamuzi wa fainali yao kuu. Fikiri jambo hilo, msomaji. Kijana aliyeambiwa kwamba hafai kuingia uwanjani akawa mtu mzima ambaye mpira husimama akipuliza filimbi. Naamini iliwezekana kwa sehemu kwa sababu alipokuwa na umri wa miaka ishirini na kitu hakurudi nyumbani peke yake, huku wenzake wakipanda treni ya kwenda kusherehekea.

Walimu wenzangu, hatuna uwezo wa kuponya majeraha yote ya bonde hili. Lakini timu tunazo. Katika timu moja ya shule ya Subukia utamkuta Mkikuyu, Mkalenjin, Mkisii, Mluhya na Mturkana, na kwa dakika tisini wanategemeana kwa miguu na mapafu. Tuwaulize kabla ya msimu, wakati hakuna hasira wala hofu, swali hili: tukiambiwa tumwache mmoja wenu kwa sababu ya kabila lake, dini yake au umaskini wa mzazi wake, tutajibu nini? Wajadili wenyewe, na jibu lao liandikwe katika daftari la timu pamoja na majina yao. Siku ya majaribu huwa na kelele nyingi, na mtu hupata ugumu wa kufikiri ndani ya kelele. Vijana wa San Francisco hawakuhitaji mjadala kwa kuwa jibu lao lilikuwa limeshakomaa katika mazoezi, katika safari na katika chakula walichokula pamoja.

Nanyi wanafunzi, pambaneni mshinde, kwani kikombe ni kitu kizuri na kabati la shule halipendezi likiwa tupu. Ila mkijiona mmealikwa mahali ambapo mwenzenu amefungiwa mlango, jueni kwamba swali limewafikia ninyi, si yeye. Umoja ni nguvu, tumeimba hivyo tangu chekechea. Thamani ya umoja huo hujulikana siku unapodai malipo.