Nyuzi Saba au Baritoni: Kijana Achague Gitaa Lipi?

"MCHAGUA jembe si mkulima." Maneno hayo aliyasema dada yangu jioni moja, huku akikoroga unga wa vitumbua, aliponisikia nikibishana na mwanawe juu ya gitaa.

Mpwa wangu huyo ana umri wa miaka ishirini. Kwa miaka miwili amekuwa akiweka akiba ya fedha anazopata kwa kupiga gitaa kwenye harusi, na mama yake humwongezea kidogo kutokana na biashara yake. Alitaka gitaa la umeme lenye sauti nzito kuliko lake la nyuzi sita. Njia zilikuwa mbili: gitaa la nyuzi saba au la baritoni. Fedha zilitosha kununua moja tu, tena kwa sharti kwamba lile la zamani liuzwe.

Msomaji atauliza, kwa nini asilegeze nyuzi za gitaa alilonalo? Alijaribu mbele yangu. Uzi mnene wa gitaa la kawaida, yaani E, hutikisika mara 82 hivi kwa sekunde. Aliushusha hadi B, ambayo ni mara 62 hivi. Mkazo wa uzi hupungua kwa kasi kuliko sauti yenyewe: hapo ulibaki zaidi kidogo ya nusu. Uzi ukalegea kama kamba ya kuanikia nguo, ukawa unagonga vyuma vya shingoni na kukwaruza. Ili uzi utoe sauti nzito bila kulegea, sharti uwe mnene zaidi au mrefu zaidi.

Gitaa la nyuzi saba hutegemea zaidi unene. Nyuzi sita za kawaida hubaki mahali pake, na chini ya E huongezwa uzi mmoja mnene, ambao kwa kawaida huwa B. Mpigaji hapotezi chochote anachokijua. Anapata sauti tano mpya za chini. Gharama yake ni shingo pana, na kidole gumba kinachozoea shingo nyembamba kitalalamika kwa majuma kadhaa. Wazo hili si geni. Warusi walikuwa na gitaa lao la nyuzi saba tangu karne ya 19, na Wabrazili hulitumia katika muziki wa choro kujibu wimbo kwa sauti za chini. Huko Marekani, mpigaji jazi George Van Eps alitengenezewa lake katika miaka ya 1930. Mwaka 1990 kampuni ya Ibanez ilitoa la umeme lililobuniwa pamoja na Steve Vai, na vijana wa muziki wa roki nzito wakalipokea.

Baritoni hutegemea urefu na unene pamoja. Katika magitaa mengi ya umeme, sehemu ya uzi inayotikisika ina urefu wa milimita 648 hivi. Katika baritoni huanzia 686 hivi na mara nyingi hupita 700. Nyuzi zake ni sita, lakini zote zimeshushwa, mara nyingi kuanzia B hadi B. Anayeijua kwaya ataelewa upesi: ni sauti ikaayo kati ya tena na besi. Mikao ya vidole ni ile ile, ila mkao uliokuwa ukitoa E sasa hutoa B. Kampuni ya Danelectro ya Marekani ilitoa magitaa ya umeme ya aina hii mwishoni mwa miaka ya 1950, na sauti yake nzito ikasikika hata katika filamu za makauboi.

Kwa kifupi, nyuzi saba huongeza, baritoni huhamisha. Mwenye baritoni hupata uzito katika nyuzi zote, lakini huziacha sauti tano za juu kabisa. Akifunga kibano kwenye chuma cha tano, nyuzi hurudi katika sauti ya kawaida, lakini shingo humfupikia.

Yote mawili yana hatari moja. Sauti hizo za chini zimo tayari katika eneo la gitaa la besi. Bendi yenye mpiga besi hodari haihitaji mtu wa pili wa kumkanyaga miguu.

Mpwa wangu ndiye mpiga gitaa pekee katika kikundi chao. Kwa hiyo nilimshauri: ukiuza la zamani, nunua la nyuzi saba, kwa maana bibi harusi hatangoja utafute sauti za solo. Naye akakubali.

Ndipo dada yangu akaweka mwiko chini. "Gitaa la zamani haliuzwi," alisema. "Mdogo wako analipiga kila jioni ukiwa huko kwenye harusi. Hukumsikia?"

Hatukuwa tumemsikia. Binti huyo wa miaka kumi na minne aliitwa, akapiga solo mbili bila kukosea. Hesabu ikageuka. Penye mtu wa kushika sauti za juu kwa nyuzi sita, kaka hana haja ya kuzibeba zote peke yake. Baritoni ingekaa chini ya dada yake bila kugombana naye. Ila fedha zilipungua, na itambidi kijana asubiri harusi kadhaa zaidi.

Ndugu mzazi, mwanao akikuletea ombi la namna hii, usimwulize kwanza lipi ni bora. Mwulize anapiga na nani, na la zamani litabaki kwa nani. Kisha aende dukani akalishike mwenyewe, aone kama mkono unafika, na aulize nyuzi zake zitapatikana wapi zikikatika. Seti ya kawaida ya nyuzi sita haitamfaa kwa lolote kati ya hayo mawili.

Mpwa wangu bado anasubiri. Jioni hizi hukaa na mdogo wake barazani, wakipokezana gitaa moja.