Faini ya Twiga na Barua ya Ngoswe

Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilometa 50, na kando yake kuna bango linaloorodhesha faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake. Wanafunzi wengi wa sekondari za Mikumi wamelipita wakiwa ndani ya basi. Ni andiko la majina na namba tu, lakini kwa mwalimu wa lugha lina kazi kuliko kurasa nyingi za mazoezi.

Liandike ubaoni, kisha uliza: nani alipanga bei hizi? Kwa nini twiga amzidi nyani? Lori likigonga usiku, nani atajua? Kuhoji kile ambacho maandishi hayakukisema ndiko kusoma kwenyewe. Baada ya hapo ligawe darasa makundi matatu yaandike ajali moja: kundi la dereva, kundi la askari wa hifadhi, na kundi la nyani aliyefiwa na mwanawe. Aya moja inatosha. Watakaposomeana watagundua kwamba dereva anataja mwendo na saa, askari anataja namba ya gari, na nyani hana saa wala namba. Ana harufu ya matairi na kimya cha mtoto. Mtazamo wa msimulizi, ambao kwa kawaida hunakiliwa daftarini kama fasili ya kukariri, hapo wameutumia kabla ya kuambiwa jina lake.

Vijana hawakosi la kusema. Sisi tunawapa kichwa cha methali, nao wanaturudishia jua linalochomoza na ndege wanaoimba, kwa sababu wanajua msomaji wao pekee ni mwenye kalamu nyekundu. Kijana wa miaka 15 aliyeweza kuchekesha kijiwe kizima jioni, asubuhi anaandika kama karani. Mpe mtu wa kumwandikia na jambo la kumficha au kumshawishi, uone.

Ndiyo maana nampenda Ngoswe. Tamthiliya ya Edwin Semzaba, *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe*, imesomwa kwa miaka mingi katika sekondari zetu, mara nyingi kwa kukariri dhamira na wahusika. Karani wa sensa anafika kijijini, anampenda Mazoea, anatoroka naye, na baba wa binti, Mzee Mitomingi, anazichoma karatasi za sensa. Sasa mwambie mwanafunzi: wewe ni Ngoswe, mwandikie mkuu wako wa kazi ueleze karatasi za serikali zimekwenda wapi. Itabidi airudie tamthiliya kutafuta visingizio. Itabidi pia afuate muundo wa barua rasmi, ambao umo kwenye muhtasari, huku akidanganya kwa adabu. Sensa ya Agosti 2022 ilifanyika kwa vishikwambi; darasa likichangamka, waulize Mitomingi angechoma nini safari hii.

Shule ikiwa na nakala chache, mwanafunzi mmoja aketi mbele awe Mitomingi na wenzake wamhoji. Sharti ni moja: kila jibu liwe na mzizi kwenye kitabu, na mwenye nakala mkononi ndiye mwamuzi. Darasa la wanafunzi 70 linaweza kufanya hivi kwa kitabu kimoja.

Wilaya ya Kilosa, ulimo mji wa Mikumi, ina utajiri wa namna nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanaanthropolojia Thomas Beidelman aliishi Ukaguru, wakati huo ndani ya Wilaya ya Kilosa, akakusanya ngano za Wakaguru. Mwaka 1961 alichapisha uchambuzi wa visa vya Fisi na Sungura, akionyesha jinsi vinavyobeba mivutano ya ukoo wa upande wa mama. Mgeni alivuka bahari kuvifuata. Mwanafunzi anahitaji kuvuka uwanja tu hadi kwa bibi yake. Asikilize kisa, akisimulie darasani kwa mdomo, kisha aandike. Simulizi iliyokwisha kutamkwa mbele ya watu huwa imeshapata mwanzo wake na mahali pa kusita, kwa hiyo karatasi haimtishi mtu.

Njia hiyo hiyo inafaa kwa mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyong'oa watu majumbani na kukata reli ya kati. Wanafunzi wahoji wakubwa zao na kuandika simulizi fupi. Ila mwalimu awe na busara: asimlazimishe mtu kusimulia msiba wa nyumbani kwao. Migogoro ya wakulima na wafugaji, kwa maoni yangu, ibaki kwenye hadithi za kubuni, kwa sababu mtoto wa mkulima na wa mfugaji wanaweza kuwa dawati moja.

Kwenye kusahihisha, rasimu ya kwanza isipakwe wino. Chagua kosa moja la kushughulikia, mengine yasubiri. Kazi iliyosafishwa ibandikwe ubao wa matangazo, isomwe na wa madarasa mengine. Na mwanafunzi anayeandika kwa Kiingereza aruhusiwe kuanza kwa Kiswahili, hata mazungumzo ya wahusika yawe kwa Kikaguru au Kividunda.

Wakuu wa shule wa Kilosa na Mikumi, toeni kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki kisichokuwa na mtihani wala alama, na mlindeni mwalimu atakayekitumia hivyo.