Je, dawa za kutafuta uzazi zinaleta kansa?



Mama mmoja wa kusanyiko letu alinifikia baada ya ibada, ameficha karatasi ya daktari ndani ya kitenge. Ana miaka saba ya ndoa bila mtoto. Daktari alimwandikia dawa, lakini shangazi yake akamwonya kwamba zitamletea kansa. Akaniuliza: «Pasta, ninywe ao niache?»

Mimi si daktari. Niliuliza wenye kujua, nikasoma, na haya ndiyo niliyopata.

Dawa kama klomifeni zinasukuma ovari, yaani vifuko vya mayai, ili yai likomae. Ndiyo sababu watafiti waliogopa kwamba kazi hiyo ya ziada ingeweza kuanzisha kansa. Mwaka wa 1994, utafiti mmoja wa Marekani ulionyesha hatari ya uvimbe wa ovari kwa waliotumia klomifeni mwaka mzima ao zaidi. Lakini waliougua walikuwa wachache sana, na habari ya hofu ilienea kuliko hesabu yenyewe.

Kisha wengi zaidi walifuatwa. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka wa 2018 uliangalia wanawake zaidi ya 255,000 waliosaidiwa na hospitali kutafuta mimba. Kansa ya tumbo la uzazi haikuongezeka, wala kansa ya titi yenye kuenea. Kansa ya ovari iliongezeka kidogo: karibu wagonjwa 5 zaidi kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka. Na tuangalie jambo hili: wale waliotibiwa kwa sababu shida ilikuwa kwa mume tu, kwao haikuongezeka. Iliongezeka kwa wasiozaa ao waliozaa kidogo, na kwa wenye endometriosi, ugonjwa ambamo nyama ya ndani ya tumbo la uzazi inaota nje yake. Basi inaonekana hatari inatoka zaidi katika hali ya mwili iliyokuwapo mbele ya dawa.

Tena, kansa ya mlango wa kizazi, inayoua mama wengi kwetu, inaletwa na virusi vya HPV. Si dawa hizi.

Hata hivyo, tusinunue klomifeni farmasi kama dawa ya kichwa. Inaweza kuleta mapacha ao kuvimbisha ovari. Kwa kawaida madaktari hawapitishi mizunguko sita hivi. Mume naye apimwe, kwa maana ugumba si wa mke peke yake. Mama mwenye ndugu waliougua kansa ya titi ao ya ovari amwambie daktari mapema. Na damu isiyo ya kawaida, ao tumbo linalovimba bila kushuka, visifichwe kwa haya.

Kuhani Eli alimwona Hana akiomba, akamdhania mlevi. Alimhukumu kabla ya kumsikiliza. Sisi pia, wachungaji na mashangazi, tumefanya hivyo: asiyezaa tumemcheka, na anayetafuta matibabu tumemtisha. Lakini Eli alipomsikiliza, alimbariki.

Yule mama nilimjibu: «Rudi kwa daktari, mwende pamoja na mume wako, mumwulize yote.» Tuliomba, na juma lililofuata walienda wawili.

Bwana awape wote wanaongoja mtoto amani yake.