Mvua Isiyotua

Msomaji mmoja ameuliza: kwa nini wachoraji wa majangwa ya Marekani huchora mvua inayoning'inia angani bila kugusa ardhi? Wamejitungia?

Hawakujitungia. Thomas Moran alifika Grand Canyon mwaka 1873 pamoja na mtafiti John Wesley Powell, na katika picha yake kubwa, *The Chasm of the Colorado*, dhoruba inapita juu ya makorongo. Maynard Dixon, kwenye *Cloud World* ya mwaka 1925, alipanga mawingu yenye vitako bapa juu ya nchi kavu. Ubapa huo ni sahihi kabisa: hewa ya nyuzi 40 yenye unyevu mdogo hupanda kilomita 3 na zaidi ndipo mvuke wake ugeuke wingu, na yote hufikia kimo kimoja.

Kutoka huko juu, tone la nusu milimita hushuka mita 2 hivi kwa sekunde. Lingehitaji dakika 25 kufika chini, na hewa kavu hailipi muda huo. Linakaukia njiani. Mvua ya namna hii wanasayansi huiita virga; mimi naiita mvua isiyotua, kwa kuwa jina kama "mvua ya hewani" lingefaa mvua yoyote.

Uhondo uko hapa: maji hayageuki mvuke bure, hudai joto. Mtungi wa udongo hufanya kazi hiyo kila siku. Maji hupenya hadi nje, hukauka, na yakikauka huondoka na joto la mtungi. Upepo ukiwa mkavu, maji ya ndani hupoa sana. Siku ya unyevunyevu mtungi hulowa tu. Jangwani, anga lenyewe ndilo mtungi. Gramu 1 ya maji ikikauka hupoza kilo 1 ya hewa kwa takriban nyuzi 2.4. Hewa iliyopoa ni nzito, hivyo huporomoka, hugonga ardhi, hutawanyika pande zote na kuinua ukuta wa vumbi. Mvua isiyolowesha hata jani yaweza kuvunja matawi!

Michirizi ya mvua hiyo hupinda kwa sababu tone linalopungua hushuka polepole zaidi, na upepo hulisukuma kando.

Ukikutana na picha ya jangwa, anzia kwenye vitako vya mawingu, kisha fuata michirizi. Ikipinda na kufifia kabla ya kufika chini, mchoraji huyo alilitazama anga vizuri.