Somo la Sita: Gesi Zilizomo Nyumbani Mwako

Juma lililopita tulisoma habari za vitu vigumu, kama jiwe, na vitu vya majimaji, kama maziwa. Leo tutasoma habari za gesi. Nawe unayesoma karatasi hii, isome mpaka mwisho, kwa maana mwishoni lipo jambo liwezalo kuokoa maisha ya watu wa nyumbani mwako.

Gesi ni nini? Jiwe lina umbo lake. Maziwa hufuata umbo la kibuyu, lakini hutulia chini. Gesi haina umbo wala haitulii. Chembe zake, ndogo mno, huruka huku na huku bila kupumzika, hata zikajaza kila nafasi. Jirani akikaanga buni uani kwake, harufu hukufikia wewe barazani, ingawa hukuiona ikija.

Je, kitu kisichoonekana kina uzito? Ndiyo. Fikiri chumba chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 3, na kimo cha mita 2 na nusu. Hewa iliyomo ina uzito wa zaidi ya kilo 20, kama mkungu mzuri wa ndizi! Na hewa iliyo juu yetu hukisukuma kila kitu. Kusukuma huko huitwa mgandamizo wa hewa. Sisi hatuusikii, kwa sababu hewa hutusukuma kutoka pande zote, na mwili nao husukuma kutoka ndani.

Mtu apandaye mlimani huacha sehemu ya hewa chini yake, kwa hiyo mgandamizo hupungua. Maji nayo huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuishinda hewa inayoyakandamiza. Kule Dar es Salaam, pwani, maji huchemka kwa nyuzi 100. Mahali penye kimo cha mita 1,500, kama palivyo pengi katika Karagwe, maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Ndiyo sababu maharage yako huchukua muda mrefu kuliko ya mtu wa pwani. Hata ukizidisha kuni, maji yakishachemka hayazidi joto hilo. Afadhali uyaloweke maharage usiku kucha na kufunika chungu.

Jambo hili lilimfaa msafiri Mwingereza John Hanning Speke. Mwaka 1858, alipofika kwenye Ziwa Viktoria, alichemsha maji, akatia kipimajoto, akahesabu kuwa ziwa liko futi 3,740 juu ya bahari, yaani mita 1,140. Leo twajua kuwa ni mita 1,135 hivi. Mwaka 1861 alifika hapa kwetu, akakaribishwa na Mfalme Rumanyika wa Karagwe.

Sasa tujue kuwa gesi si za aina moja. Katika kila mafungu 100 ya hewa kavu, 78 ni naitrojeni na 21 ni oksijeni. Oksijeni ndiyo tunayoihitaji kwa kupumua, na moto nao huihitaji ili uwake.

Itazame rubisi inapochacha ndani ya mtumbwi wake, chini ya majani ya mgomba. Sukari ya ndizi inageuka kuwa pombe pamoja na gesi iitwayo hewa ukaa. Povu lile ni gesi hiyo ikitoka. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa mara moja na nusu, kwa hiyo hupenda kukaa chini. Ukiteremsha kijiti kinachowaka mahali ilipojaa, kitazimika.

Basi katika kisima au shimo refu, kama yale ya wachimba bati wa Kyerwa, hewa mbaya yaweza kukusanyika chini. Taa ikizimika shimoni, mtu asishuke kamwe. Lakini angalia sana: taa kuendelea kuwaka si hakikisho la usalama. Na mwenzako akianguka shimoni, usimfuate mbio, utaanguka nawe. Ita watu wenye vifaa.

Sasa nifike kwenye jambo nililoliahidi. Usiku wa baridi, watu wengine huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha. Husema, “Moshi umekwisha, makaa yamekuwa mekundu, hakuna hatari.” Ndugu, hilo ni kosa kubwa. Makaa yanapowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi nyingine, kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haizimi taa. Uzito wake ni karibu sawa na wa hewa, kwa hiyo huenea chumba kizima. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu hukosa nafasi ya kuchukua oksijeni, na mtu aliyelala hufa bila kuamka.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Watu kadhaa chumbani wakiziona kwa pamoja, msingoje: fungueni mlango, tokeni nje wote, na mgonjwa apelekwe hospitali upesi. Kufukia makaa kwa majivu hakutoshi. Beseni la maji kando ya jiko halisaidii, kwa maana gesi hii haiyeyuki katika maji ila kidogo sana. Dawa ni moja: jiko lilale nje, watu walale ndani na blanketi.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Kwa nini maharage hukawia kuiva katika nchi ya juu?
2. Kwa nini hewa ukaa hukaa chini ya shimo?
3. Kwa nini taa haiwezi kutuonya juu ya gesi ya jiko la makaa?
4. Ni nani katika kijiji chako asiyejua habari hii, nawe utamwambia lini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.