Bendera na Serikali ya Ufilipino

Chukueni ramani ya dunia, mtafute bara la Asia. Chini yake, upande wa mashariki, mtaona visiwa vingi vimetawanyika baharini kama punje za mahindi zilizomwagika. Nchi hiyo ni Jamhuri ya Ufilipino.

Visiwa vyake vimehesabiwa, vikapatikana 7,641. Vichache ni vikubwa sana, vyenye milima, mito na mashamba ya mpunga. Vingi ni vidogo, wala havikaliwi na mtu. Vyote vimegawanyika katika mafungu matatu: Luzon upande wa kaskazini, Visayas katikati, na Mindanao upande wa kusini. Mji mkuu, Manila, uko Luzon. Wenyeji wamepita milioni mia moja, na lugha zao zimepita mia moja. Wengi wao ni Wakatoliki. Kusini, katika Mindanao, wako Waislamu wengi pia.

Basi, watu waliotengwa na maji hivi, wenye lugha nyingi hivi, wamepataje kuwa taifa moja? Na mamlaka juu yao yako mikononi mwa nani? Bendera yao inajibu swali la kwanza. Sheria yao inajibu la pili.

1. Bendera iliyoshonwa ugenini

Wahispania walianza kutawala visiwa hivi mwaka 1565. Jina lenyewe la nchi latoka kwa mfalme wao, Filipo wa Pili. Walikaa miaka zaidi ya mia tatu. Mwishoni wenyeji walichoka. Mganga mmoja, jina lake José Rizal, aliandika vitabu akionyesha mateso ya watu wake. Hakushika bunduki, lakini Wahispania waliyaogopa maneno yake. Tarehe 30 Desemba 1896 walimpiga risasi mjini Manila. Alikuwa na umri wa miaka 35. Lakini mtu akiuawa, maneno yake hayafi. Vita vilikwisha kuanza mwaka ule ule, navyo viliendelea.

Mkuu wa wapiganaji, Emilio Aguinaldo, alihamishwa akakaa Hong Kong. Huko alimwomba mama mmoja wa Kifilipino, Marcela Agoncillo, ashone bendera ya taifa. Mama huyo alisaidiwa na binti yake mdogo Lorenza, na Delfina Herbosa, mtoto wa dada yake Rizal. Wakashona kwa hariri muda wa siku tano. Aguinaldo akarudi kwao na bendera ile. Tarehe 12 Juni 1898, nyumbani kwake Kawit, bendera ilionyeshwa mbele ya watu na uhuru ukatangazwa. Siku ile ulipigwa pia wimbo wa taifa, uliotungwa na Julian Felipe. Kwanza ulikuwa na sauti tu bila maneno. Maneno yalikuja mwaka 1899.

Lakini furaha haikudumu. Wahispania walipoondoka, Wamarekani waliingia, na vita vikaanza upya. Mwaka 1907 ilitolewa sheria ya kukataza bendera ile. Mtu hakuwa na ruhusa ya kuionyesha hata mbele ya nyumba yake mwenyewe. Katazo hilo lilidumu mpaka mwaka 1919. Kisha katika vita vikuu vya pili walikuja Wajapani. Mwisho, tarehe 4 Julai 1946, Wamarekani waliiacha nchi iwe huru. Hata hivyo, tangu mwaka 1962 Wafilipino hufanya sikukuu ya uhuru tarehe 12 Juni. Wanasema: Uhuru wetu si zawadi ya mgeni, tuliutangaza wenyewe.

2. Bendera yasema nini?

Itazameni bendera hii. Upande wa mti kuna pembetatu nyeupe. Nyeupe ni alama ya usawa na udugu. Juu kuna rangi ya buluu, alama ya amani, ukweli na haki. Chini kuna nyekundu, alama ya ushujaa na mapendo ya nchi.

Ndani ya pembetatu kuna jua la rangi ya dhahabu lenye miali minane. Miali hiyo ni majimbo manane ya kwanza yaliyoinuka kupigana na Wahispania. Katika kila pembe kuna nyota moja. Nyota tatu ni Luzon, Visayas na Mindanao. Hakuna nyota iliyo kubwa kuliko nyingine. Hivyo bendera yamwambia kila mwenyeji: kisiwa chako kimo humu, na cha jirani yako kimo vilevile.

Bendera hii ina jambo moja ambalo ni nadra kulikuta kwa mataifa mengine. Wakati wa amani, buluu hukaa juu. Nchi ikiingia vitani, bendera hugeuzwa, nyekundu ikakaa juu. Mtu hana haja ya kuuliza habari. Akiinua macho tu, anajua hali ya nchi yake.

Sheria yaamuru bendera iheshimiwe. Katika shule na katika nyumba za serikali hupandishwa kwa wimbo kila Jumatatu asubuhi, na hushushwa Ijumaa jioni. Hairuhusiwi kuifanya kitambaa cha meza. Ikichakaa haitupwi jalalani, bali huchomwa moto kwa heshima.

3. Ua, mti na ndege

Taifa lina alama nyingine pia. Ua lake ni sampaguita. Ni ua dogo jeupe, ndugu wa asumini, lenye harufu nzuri sana. Watu huyatunga maua hayo kwa uzi, wakawavika wageni shingoni. Mti wake ni narra, wenye mbao ngumu na nyekundu. Ua na mti vilichaguliwa mwaka 1934.

Ndege wake ni tai wa Ufilipino, aliyechaguliwa mwaka 1995. Ni mmoja wa tai wakubwa kabisa duniani. Anakaa katika misitu minene, wala hapatikani katika nchi nyingine yoyote. Jike lake hutaga yai moja tu, na kinda hulelewa muda mrefu kabla ya yai jingine. Kwa sababu hiyo, watu wakikata misitu, tai hupungua upesi na huongezeka polepole. Leo wamebaki wachache. Taifa lisipotunza misitu yake, litabaki na picha ya tai bila tai mwenyewe.

4. Rais asiyekubali kutoka

Sasa tuone habari ya mamlaka. Mwaka 1965 watu walimchagua Ferdinand Marcos kuwa rais, na mwaka 1969 wakamchagua tena. Sheria ya zamani ilisema: rais asipite vipindi viwili. Lakini mwezi wa Septemba 1972, kabla kipindi chake cha pili hakijaisha, Marcos aliweka nchi chini ya amri ya jeshi. Magazeti na redio vikafungwa. Wapinzani wengi wakatiwa gerezani, mmoja wao senata Benigno Aquino. Sheria mpya ikaandikwa, na Marcos akaendelea kutawala.

Baadaye Aquino aliruhusiwa kwenda Marekani kutibiwa moyo. Tarehe 21 Agosti 1983 alirudi kwao. Aliposhuka tu kutoka ndegeni, pale pale uwanjani, alipigwa risasi akafa. Taifa zima lililia.

Mwezi wa Februari 1986 kulikuwa na uchaguzi. Mjane wa Aquino, mama Corazon, alishindana na Marcos. Makarani waliokuwa wakiandika hesabu za kura waliona kwamba hesabu zinazotangazwa si zile walizoziandika. Zaidi ya thelathini kati yao waliacha kazi, wakatoka nje mbele ya watu wote. Hawakuwa wakubwa. Walikataa tu kuandika uwongo.

Tarehe 22 Februari waziri wa vita na jenerali mmoja walimwacha Marcos, wakajifungia kambini Manila. Kardinali Jaime Sin, askofu mkuu wa mji, aliwaita watu kwa redio waende kuwalinda. Wakaja kwa maelfu na maelfu, wakaijaza barabara kubwa iitwayo EDSA. Walileta chakula, maua na rozari. Vifaru vya jeshi vilipokuja, masista walipiga magoti mbele yake wakisali, na watu wakawapa askari mikate na maji. Askari hawakuweza kuwapiga mama zao na ndugu zao. Baada ya siku nne, tarehe 25 Februari, Marcos alikimbia nchi, na Corazon Aquino akawa rais.

5. Serikali ya leo

Mtu aliyeumwa na nyoka hujua kufunga mlango usiku. Wafilipino waliandika katiba mpya, yaani sheria kuu ya nchi, nao watu wakaikubali kwa kura mwezi wa Februari 1987. Mwanzoni kabisa katiba hiyo yasema kwamba mamlaka yote ya serikali yatoka kwa watu.

Rais huchaguliwa na raia wote wenye miaka 18 na zaidi. Hutawala miaka sita, wala hawezi kuchaguliwa tena. Makamu wake huchaguliwa kwa kura za peke yake.

Baraza la kutunga sheria lina nyumba mbili. Moja ni ya masenata 24, wanaochaguliwa na nchi nzima. Nyingine ni ya wajumbe, ambao wengi wao huchaguliwa na watu wa wilaya zao kwa miaka mitatu. Tena iko Mahakama Kuu yenye waamuzi 15. Kazi yao ni kuangalia kama sheria na amri zinafuata katiba.

Rais akiweka nchi chini ya amri ya jeshi, amri hiyo haiwezi kupita siku 60 bila ruhusa ya baraza. Baraza laweza kuifuta, na waamuzi waweza kuichunguza. Ndiyo maana mamlaka yamegawanywa: mmoja akipotea njia, wengine wamzuie. Corazon Aquino mwenyewe alitawala miaka sita; mwaka 1992 alimwachia mwingine kiti akaenda nyumbani.

Fungu dogo kabisa la serikali huitwa barangay. Ni kijiji, au sehemu ya mji, yenye mkuu na baraza lake. Jina hilo latoka kwa mashua za kale. Zamani jamaa nzima walisafiri katika mashua moja na mkuu wao, wakajenga pwani pamoja. Mashua ikapata kuwa kijiji, na vijiji vikapata kuwa taifa.

Katika mashua mmoja hushika usukani, lakini mashua ni ya wote. Nahodha akisahau hayo, walioketi nyuma yake wasinyamaze.

Maulizo

1. Taja mafungu matatu ya visiwa vya Ufilipino. Yaonyeshwe katika ramani.
2. Bendera ya kwanza ilishonwa wapi, na akina nani?
3. Ukiona nyekundu imekaa juu, utajua nini?
4. Kwa nini Wafilipino hufanya sikukuu ya uhuru tarehe 12 Juni, si tarehe 4 Julai?
5. Makarani walioacha kazi mwaka 1986 walifanya vema? Eleza.
6. Kwa nini rais wa Ufilipino hachaguliwi mara mbili?
7. Chora bendera ya Ufilipino, uandike maana ya kila alama.